Sheria ndogo za afya: nani abanwe?

Wali umeiva, maharage yanachemka kwenye jiko la mkaa, na wateja wa kwanza wameanza kuvuta viti vya plastiki. Mgambo wawili wanasimama mbele ya meza, na kijana mmoja aliyeshika mashine ya malipo. "Mama, ndoo ya maji haina mfuniko, na aproni hujavaa. Faini elfu hamsini." "Kwa sheria ipi, baba?" "Sheria ndogo za halmashauri." Akiomba kuisoma, haipo. Akisema yuko tayari kwenda mahakamani, anaambiwa basi meza na masufuria yanabebwa. Anahesabu kilichomo kwenye pochi ya kiunoni, anaanza kuomba apunguziwe.

Kila anayeishi mjini Tanzania analijua tukio la namna hii, na kila linapotokea waliosimama pembeni hugawanyika. Mmoja anasema afadhali, kipindupindu kimeshatuua vya kutosha. Mwingine anasema huu ni unyang'anyi. Wa tatu anauliza swali ambalo ndilo la msingi: mgambo ana mamlaka ya kutoza faini bila hakimu? Majibu yanayotolewa hapo barabarani mara nyingi ni nusu kweli, yawe ya mgambo au ya mpita njia. Inafaa jambo hili lipangwe upya, kwa sababu linagusa chakula, choo, taka na paa lililo juu ya vichwa vyetu.

Mambo matatu, jina moja

Mkanganyiko unaanzia kwenye lugha. Mtaani, "sheria ya manispaa" hubeba mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni sheria ndogo yenyewe: masharti yaliyotungwa na halmashauri chini ya sheria mama, yakapita hatua zake na kuchapishwa. La pili ni tozo, kama vile ada ya taka na ushuru wa soko. Nazo huwekwa kwa sheria ndogo, lakini hizo hutungwa chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na kusudi lake ni mapato. La tatu ni tamko: kiongozi anasimama mbele ya kamera na kusema kuanzia kesho ni marufuku kuuza matunda yaliyomenywa. Tamko linaweza kuwa na nguvu likiegemea kifungu fulani, kwa mfano mamlaka ambayo Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inatoa wakati wa mlipuko wa ugonjwa. Lisipoegemea popote, linabaki kuwa maneno ya kiongozi.

Kuna na la nne, dogo lakini linasumbua. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mtaa wa mjini hauna. Tangazo la faini linalobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, likiwa na mhuri wa mtendaji peke yake, linaweza tu kuwakumbusha watu sheria ya halmashauri. Haliwezi kuanzisha kosa jipya.

Karatasi yenye lakiri

Katiba, katika ibara ya 145 na 146, inaanzisha serikali za mitaa na kuzipa kazi. Sheria mbili za 1982, Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Na. 8 kwa mamlaka za miji, ndizo zinazozipa halmashauri uwezo wa kutunga. Rasimu huandikwa, watu wa eneo hutangaziwa na kupewa nafasi ya kutoa maoni au pingamizi, baraza la madiwani hupitisha, kisha Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huridhia. Baada ya hapo huchapishwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba. Bunge nalo lina Kamati ya Sheria Ndogo inayozipitia zikishatoka, na Mahakama Kuu inaweza kuifuta sheria ndogo iliyovuka mipaka ya sheria mama.

Ukitaka kujua kama karatasi uliyoonyeshwa ni sheria, fungua ukurasa wa mwisho. Utakuta maelezo kwamba lakiri ya halmashauri imebandikwa kufuatia azimio la kikao cha tarehe fulani, saini ya mkurugenzi, saini ya meya au mwenyekiti, na chini kabisa neno "Nakubali" likifuatiwa na jina la Waziri. Kukikosekana hayo, unachoonyeshwa ni rasimu au tangazo.

Faini ya papo hapo imo pia humo, karibu na mwisho, chini ya kichwa kinachohusu kufifilisha kosa. Kwa kawaida kifungu kinasema mkurugenzi anaweza kufifilisha kosa la mtu ambaye kwa hiari yake amekiri kwa maandishi kwamba ametenda kosa, na yuko tayari kulipa; mtu huyo hujaza fomu. Kwa hiyo mgambo anayesema faini bila hakimu inaruhusiwa hajakosea kabisa, na mwananchi anayesema haiwezekani bila mahakama naye hajakosea kabisa. Inawezekana iwapo kuna hiari, kuna maandishi na kuna risiti. Asiyekiri ana haki ya kupelekwa mahakamani, naye afisa hana haki ya kumgeuzia masufuria yake kuwa dhamana ya kumlazimisha kukiri. Neno "hiari" ndilo linalodondoka njiani kati ya ofisi ya mwanasheria wa halmashauri na meza ya mama lishe.

Mizizi yake

Chuki ya watu dhidi ya kanuni hizi haikuanza jana. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891 ziliugawa mji wa Dar es Salaam kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa kila eneo, na Waingereza wakaendeleza mgawo huo. Karatasi zilizungumzia kuta na mapaa. Kilichotokea ni Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo, na hoja iliyotolewa ilikuwa afya: kuweka umbali kati ya waliohesabiwa kuwa safi na waliohesabiwa kuwa chanzo cha maradhi. Nairobi, tauni ilipoingia mwaka 1902, mamlaka ziliichoma moto bazari ya Wahindi.

Vijijini, sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri za mashamba na usafi, na adhabu juu yake. Mwaka 1955 wakulima wa Uluguru walichoka kulazimishwa kulima matuta, wakakataa kwa nguvu hadi mpango ukafa. Wataalamu hawakukosea walipodai kwamba udongo ulikuwa unamomonyoka milimani. Kilichowashinda watu ni kazi ngumu waliyoamriwa bila kuulizwa, iliyokula nguvu zao huku mavuno wakiwa hawayaoni.

Nayasema haya kwa sababu afisa afya wa leo, hata awe mwema kiasi gani, anaingia mtaani akiwa amebebeshwa kumbukumbu hiyo. Bibi aliyemkimbia bwana afya wa kikoloni amewasimulia wajukuu.

Hoja ya mkono mgumu

Wanaotaka faini kali na operesheni za mara kwa mara wana ushahidi wa kutisha upande wao. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi, ukafikia wagonjwa zaidi ya 20,000 kabla haujatulia. Rais John Magufuli alifuta gwaride la Uhuru la Desemba 9 mwaka huo na kuwataka watu washike mafagio siku hiyo. Mamlaka mbalimbali zikazuia uuzaji wa vyakula katika maeneo ya wazi.

Hoja yao ni hii: uchafu wa mmoja haubaki kwake. Anayetapisha choo usiku wa mvua anawanywesha walio bondeni. Anayeongeza ghorofa bila kibali hafi peke yake. Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jengo la biashara lilianguka Kariakoo, zaidi ya watu 20 wakafariki, na Serikali ikaagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Katika mambo ya zege na nondo huwezi kusubiri elimu imwingie mtu polepole. Kibali, ukaguzi wa kila hatua na amri ya kusimamisha ujenzi ni kazi ya mamlaka, na mamlaka ikilegea watu wanazikwa. Hapa nawaunga mkono bila kusita.

Udhaifu wao unaonekana wanapolichukua kosa la ghorofa na kosa la ndoo isiyo na mfuniko, wakayaweka kapu moja. Hata ndani ya chakula hatari hazilingani. Wadudu wa kipindupindu hufa kwenye moto. Wali unaofuka mvuke na maharage yanayochemka ni salama kuliko kachumbari, juisi ya miwa iliyotiwa barafu isiyojulikana ilikotoka, tikiti lililokatwa likakaa juani, au maji ya kandoro. Na hata penye wali wa moto, hatari iko kwenye beseni la kuoshea sahani, ambalo maji yake hubadilishwa mara chache kwa sababu kila ndoo inanunuliwa. Operesheni inayofagia meza zote kwa pamoja inaondoa wali wa moto na kuacha chanzo cha maji machafu palepale.

Zambia ilipita njia hiyo. Wakati wa kipindupindu cha 2017 na 2018 wachuuzi wa barabarani jijini Lusaka waliondolewa kwa msaada wa jeshi, na katika mtaa wa Kanyama watu wakafanya ghasia. Chanjo ilitolewa, visima vya hatari vikafungwa, mlipuko ukazimwa. Mwishoni mwa 2023 kipindupindu kilirudi kikiwa kikubwa zaidi: wagonjwa zaidi ya 20,000 na vifo zaidi ya 700. Si haki kusema kuondoa wachuuzi hakukusaidia lolote. Kulikuwa na mambo mengi kwa wakati mmoja. Lakini maji na vyoo vya mitaa ile kwa sehemu kubwa vilibaki vilevile, na ugonjwa ulirudi kupitia mlango ambao haukuwa umefungwa.

Hoja ya mtego wa mapato

Upande wa pili wanasema afya ni kisingizio, kinachotafutwa ni fedha. Tuipime hoja hii kwa kufuata njia ya shilingi.

Halmashauri inatakiwa kukusanya mapato ya ndani, na mkurugenzi anapimwa kwa makusanyo hayo. Penye wakala au mkandarasi anayelipwa asilimia ya anachokusanya, faini nyingi ni kipato kikubwa kwake. Kutoka hapo matokeo yanajiandika yenyewe. Anayekamata atasimama pale ambapo wakosaji ni wengi na wepesi kulipa, yaani stendi na sokoni, mahali abiria akidondosha ganda la ndizi tu anashikwa bega. Hatakwenda bondeni ambako karakana inamwaga mafuta machafu kwenye mto, kwa sababu huko kuna geti, kuna mwanasheria, na faini moja inaweza kuchukua mwaka mzima. Juhudi zinaelekea kwenye kosa rahisi na kuliacha kosa la hatari. Hali inakuwa hivyo hata kama kila mtu katika mnyororo huo ni mwaminifu.

Kuna pia upande wa haki. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa ushauri Desemba 4, 2020 kwamba sheria za uzururaji, zinazomwadhibu mtu kwa hali yake kuliko kwa tendo lake, zinakinzana na Mkataba wa Afrika. Sheria ndogo ya afya si sheria ya uzururaji. Lakini inapotekelezwa kwa namna ambayo kuonekana na beseni kichwani kwatosha kukamatwa, imeshaingia upande uleule.

Hata hivyo hoja hii nayo ina shimo lake. Taka hazijizoi. Tangu 1994 Dar es Salaam ilipoanza kutumia kampuni binafsi katika kata za katikati ya jiji, imekuwa wazi kwamba gari, mafuta, vibarua na safari ya kwenda dampo vinahitaji fedha za kila wiki. Nyumba tatu kati ya kumi zikikataa kulipa, mkandarasi anaruka safari, ghuba la taka linafurika, na wale saba waliolipa wanaacha kulipa wakiona wameonewa. Ada si uonevu kwa sababu tu inaitwa ada. Tena anayekula kwa mama lishe si tajiri. Ni fundi ujenzi, bodaboda, muuza duka wa Kariakoo. Kumwambia mama lishe asikaguliwe kabisa ni kuwaambia hao wabebe hatari peke yao. Kanuni inayowataka wanaoandaa chakula kupimwa afya kila miezi sita inawalinda watu hawahawa, ingawa gharama ya kipimo na siku ya kazi inayopotea inapaswa kuhesabiwa.

Hoja ya kuiachia Dodoma

Kundi la tatu linachoshwa na utitiri. Mwenye mgahawa mdogo anaweza kutembelewa na afisa afya wa halmashauri, Zimamoto, OSHA ya usalama kazini na NEMC ya mazingira, kila mmoja akiwa na fomu yake. Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango (TBS), na wafanyabiashara wengi walichukua muda kuelewa nani sasa anakagua nini. Kwa nini isiwepo sheria moja ya nchi nzima, kipimo kimoja, mkaguzi mmoja?

Mahali pengine hoja hii inashika. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lilifanikiwa kuiondoa mifuko ile sokoni kwa sababu lilikuwa la Tanzania Bara nzima. Halmashauri moja ingekataza peke yake, mifuko ingeingia kwa bodaboda kutoka halmashauri ya jirani. Kiwango cha nondo pia hakiwezi kutofautiana kati ya Mwanza na Tanga.

Lakini nchi yetu iliwahi kujaribu kuziondoa serikali za mitaa, na kilichofuata kinafaa kukumbukwa. Kuanzia 1972, chini ya sera ya Madaraka Mikoani, mabaraza ya wilaya yalivunjwa, na ya miji yakafuata. Kazi za mji zikawa mikononi mwa maofisa wa mkoa na wilaya wenye mambo mengine mengi. Mifereji ikaziba, taka zikalala, na katikati ya miaka hiyo ya 1970 kipindupindu kikapiga. Mwaka 1978 sheria ya muda ikayarudisha mabaraza ya miji, kisha zikaja sheria za 1982. Mifereji iliyoziba na ugonjwa uliokuwa ukiua watu vilikuwa miongoni mwa sababu za kuyarudisha. Sioni ushahidi mzito kuliko huu kwamba usafi wa mji unahitaji mtu aliye karibu, anayejua mfereji upi unafurika kwanza, na anayeweza kuulizwa na wapiga kura wa kata hiyo.

Kenya imekwenda upande mwingine. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti taka, leseni za wauza vyakula, udhibiti wa kelele na hata leseni za mbwa, na mabunge ya kaunti yanatunga sheria zao bila kusubiri saini ya waziri. Faida ni ukaribu na wepesi. Gharama ni kwamba mfanyabiashara anayevuka kaunti tatu anakutana na masharti matatu, na malalamiko dhidi ya kanjo, yaani askari wa kaunti, jijini Nairobi yanafanana sana na yale dhidi ya mgambo wetu. Kuongeza madaraka bila kubadili namna ya kutekeleza kumebadilisha mavazi ya askari tu.

Hoja ya watu watunge wenyewe

Wapo wanaoamini sheria bora ni ile iliyotoka kwenye mkutano wa watu wenyewe. Wanataja kijiji: halmashauri ya kijiji inaandika, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Wanaitaja pia kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, ambapo karibu watu milioni mbili walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kufyeka nyasi na kuchimba vyoo. Hakukuwa na mgambo mlangoni. Vyoo vilichimbwa kwa wingi kwa sababu mtu alikuwa amekwisha kuelewa kinyesi kinafikaje kwenye chungu chake cha maji, na alikuwa amesema mbele ya wenzake kwamba atachimba.

Naipenda hoja hii kuliko nyingine, na kwa hiyo naichunguza kwa ukali zaidi. Redio na mkutano vinafaa pale ambapo mtu anaweza kutenda kwa jembe lake mwenyewe. Kijijini choo kinachimbwa kwa nguvu za familia. Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi pale Manzese au Vingunguti, mpangaji anaweza kuelewa kila kitu kuhusu vimelea na bado asiwe na uwezo wa kugusa choo, kwa kuwa ni cha mwenye nyumba. Kisha mkutano wa watu huwa na wenye sauti na wasio na sauti. Faini ya kijiji kwa asiye na choo humwangukia zaidi bikizee anayeishi peke yake, ambaye hana wa kumchimbia. Na jirani kumshitaki jirani kwa sheria ndogo kunaweza kuwa ugomvi wa mpaka wa shamba uliovaa kanzu ya afya.

Choo kinapotapishwa

Hoja zote nne zinakutana mahali pamoja, kwenye choo cha shimo cha uswahilini wakati wa masika. Tukisogee kwa karibu.

Sehemu ndogo tu ya nyumba za Dar es Salaam imeunganishwa na bomba la majitaka. Nyingine zinatumia mashimo, na mitaa ya mabondeni maji ya ardhini yako juu, hivyo shimo linajaa haraka. Likijaa kuna njia mbili. Ya kwanza ni gari la kunyonya majitaka, ambalo linatozwa kwa safari na linahitaji barabara. Vichochoro vya upana wa mtu na nusu haliingii, na mpira wake una mwisho. Ya pili ni kusubiri mvua kubwa, kutoboa tundu pembeni ya shimo, na kuacha maji ya mafuriko yabebe kila kitu. Hiyo ndiyo kutapisha. Asubuhi watoto wanakanyaga maji hayo wakienda shule.

Sheria ndogo zinakataza, na lazima zikataze. Sasa fuata utekelezaji. Kutapisha hufanyika usiku, kwenye mvua, wakati hakuna afisa nje. Mwenye nyumba anaweza kuwa anaishi mtaa mwingine. Faini, hata ikitozwa, inaweza kulingana na gharama ya gari, na mwenye nyumba aliyekamatwa mara moja katika misimu mitatu bado ameokoa fedha. Adhabu peke yake haibadilishi hesabu hiyo. Kinachoibadilisha ni kushusha gharama ya njia halali: pampu ndogo inayobebwa kwa toyo hadi kichochoroni, kituo cha karibu cha kumwagia badala ya safari ndefu ya foleni, na bei ambayo wapangaji kumi wakichangiana wanaimudu. Pampu za namna hiyo zimeshatumika katika mitaa kadhaa ya jiji. Zikishakuwepo, faini inapata maana, kwa kuwa anayetapisha sasa amechagua uchafu huku njia safi ikiwa mbele yake.

Mizani

Kwa hiyo nani abanwe? Jibu langu linatofautiana kwa aina ya hatari. Penye hatari ya kuua wengi kwa mara moja na yenye faida kubwa kwa mkosaji, yaani majengo, majitaka ya viwanda na njia za dharura zilizozibwa kwenye masoko, wenye mkono mgumu wako sahihi, na udhaifu wetu umekuwa ulegevu. Penye hatari ndogondogo za kila siku zinazotokana na ukosefu wa huduma, yaani ndoo, beseni, shimo na ganda la ndizi, faini ije mwisho, baada ya bomba la maji kufika kwenye eneo la mama lishe na pipa la taka kuwekwa stendi. Viwango viwe vya nchi nzima pale bidhaa inapovuka mipaka ya wilaya. Utekelezaji ubaki kwa halmashauri, na tuukumbuke mwaka 1978 kila anapotokea mtu anayetaka kuuhamisha.

Mambo mawili yanaweza kubadilishwa bila kusubiri bajeti kubwa. Moja ni kumtenganisha anayekamata na fedha inayopatikana: mgambo na wakala walipwe kwa kazi, wasilipwe kwa asilimia ya faini, na fedha ya faini za afya iende kwenye fungu la maji na vyoo vya kata ileile, ikisomwa kwenye mkutano wa mtaa. Hii itawaudhi wanaopimwa kwa makusanyo. Lakini mkurugenzi angepimwa kwa idadi ya wagonjwa wa kuhara katika zahanati zake angeamka na orodha tofauti ya kazi.

La pili ni kuandika wajibu wa halmashauri ndani ya sheria ndogo ileile. Ukisoma nyingi za sheria ndogo za usafi utakuta ukurasa baada ya ukurasa wa "kila mkazi atatakiwa" na "itakuwa ni kosa kwa mtu yeyote". Yanayoihusu halmashauri ni machache na hayana tarehe. Yaandikwe na tarehe: ghuba litazolewa ndani ya siku ngapi, ukaguzi wa ujenzi utafanyika ndani ya siku ngapi tangu mjenzi aombe, mkazi akilipa ada na gari lisipopita atarudishiwa nini. Fomu ya kufifilisha kosa leo ina nafasi ya jina la mkosaji, kosa lake, kukiri kwake na kiasi atakacholipa. Kwa makosa ya taka iongezewe mstari mmoja, ujazwe na anayekamata kabla ya kutaja faini: tarehe ya mwisho gari lilipopita katika mtaa huu.